Wayahudi wanachinjia wapi kondoo wa Pasaka?

Swali hili si langu. Ni la fundi cherehani wangu. Wiki moja kabla ya Pasaka nilimkuta ameacha kushona, anatazama video kwenye simu: wanaume wenye nguo nyeupe, juu ya mlima, wanachinja kondoo kwa makumi, moshi unapanda. Chini yake mtu ameandika "Pasaka ya Wayahudi". Fundi akanyanyua macho. "Mwalimu, si ulisema Hekalu lao lilibomolewa zamani? Sisi Idi tunachinja popote. Hawa wanachinjia wapi?"

Jibu la kwanza ni jepesi. Wale wa kwenye video ni Wasamaria, jamii ndogo ya watu wasiofika elfu moja, ambao kila mwaka huchinja juu ya mlima Gerizimu, karibu na mji wa Nablus. Wana Torati yao na mlima wao, na Hekalu la Yerusalemu hawakulitambua tangu awali. Wayahudi wenyewe walikuwa na mahali pamoja tu pa kuchinjia, Hekaluni, na Warumi walipabomoa mwaka 70. Kwa hiyo hawachinji.

Jibu hilo likazaa swali gumu zaidi, nalo ndilo lililonikalisha kuandika. Dini ambayo kitovu chake kilikuwa madhabahu, makuhani na damu ya mnyama ilipoteza vyote hivyo kwa vita moja. Watu wake wakatawanyika, wakakaa karne nyingi bila dola, bila jeshi, bila mkuu mmoja wa dini wa kuwaambia shikeni hiki, acheni kile. Imani ilipitia wapi mpaka ikafika kwa watoto wa leo?

Tuelewane kwanza maneno. Imani hapa ni kile mtu anachokishika kuwa kweli: Mungu ni mmoja, aliwatoa mababu Misri, siku moja Masihi atakuja. Upande wa pili kuna lile tendo la dini lenye wakati wake, maneno yake na mpangilio wake, ambalo watu hulirudia vilevile kila linapofika. Kiswahili kinatusumbua kidogo hapo. "Ibada" ni pana mno, "tambiko" limeshachukuliwa na mizimu, na "mila" inabeba hadi namna ya kupokea mahari. Nitasema "kaida", basi. Kuamini kwamba Mungu alipumzika siku ya saba ni imani; kuwasha mishumaa Ijumaa jioni kabla jua halijazama ni kaida. Na nikisema Wayahudi, nina maana ya watu wa dini na jadi hiyo popote walipo. Siasa za dola ya Israeli zina makala zake.

Wengi wetu tumelelewa na picha ya mti: imani ni mzizi, matendo ni majani. Ukiamini sawasawa, matendo yatachipua yenyewe. Mkristo ukimuuliza anaamini nini, anayo Kanuni ya Imani. Mwislamu ana shahada. Myahudi ukimuuliza hivyo, mara nyingi ataanza kukueleza anafanya nini. Mafundisho anayo. Musa bin Maimuni, tabibu na mwanachuoni aliyefariki Misri mwaka 1204, aliorodhesha misingi 13 ya imani, na marabi, yaani walimu wa dini yao, waliokuja baada yake wakabishana naye kwa karne kadhaa kuhusu orodha ile. Amri za kutenda, ambazo jadi huzihesabu kuwa 613, zilibishaniwa pia, lakini zaidi kuhusu namna ya kuzitimiza. Na upo mstari katika kitabu cha Kutoka, sura ya 24, ambao marabi wanaupenda sana: watu wanaposomewa agano, kwa Kiebrania wanajibu "tutatenda" kwanza, ndipo "tutasikia", yaani tutaelewa. Kutenda kumetangulia. Kwa jadi ya marabi mpangilio huo haukuwa wa bahati mbaya.

Sasa turudi mwaka 70, maana hapo ndipo kaida ilipofanya kazi yake kubwa ya kwanza. Masimulizi ya kale yanasema rabi Yohanani ben Zakai alitolewa Yerusalemu iliyozingirwa akiwa amelala ndani ya jeneza, kama maiti, akaomba Warumi wamwachie mji mdogo wa Yavne na wanachuoni wake. Liwe limetokea hivyo au limetiwa chumvi, yaliyofuata yanajulikana. Kizazi hicho na vilivyofuata havikukaa kuandika kitabu cha kueleza kwa nini Mungu ameruhusu nyumba yake iteketezwe. Walikaa kupanga nani afanye nini, saa ngapi, kwa maneno gani. Sala ya asubuhi na ya alasiri zikafungamanishwa na saa za sadaka mbili za kila siku zilizokuwa zikitolewa Hekaluni. Meza ya nyumbani ikaanza kuitwa madhabahu. Chumvi iliyotiwa kwenye sadaka ikawa chumvi ya kuchovyea mkate wa Sabato. Kazi ya kuhani mmoja Yerusalemu ikagawanywa kwa kila baba na kila mama, jikoni na mezani, popote watakapokuwa.

Mtawala anaweza kubomoa jengo moja. Meza laki moja ni kazi nyingine.

Meza yenyewe ndiyo hii. Jioni ya kwanza ya Pasaka yao, Pesaki kwa Kiebrania (na ndiko neno letu "Pasaka" lilikotoka, kupitia Kigiriki), familia hukaa kwa mlo unaoitwa sederi, maana yake "mpangilio". Usiku uliotangulia nyumba imepekuliwa kwa mshumaa, pembe hadi pembe, kutafuta makombo ya kitu chochote kilichochachuka, na asubuhi yakachomwa moto. Juu ya meza kuna matza, mkate mkavu mwembamba wa unga na maji tu. Tangu maji yaguse unga hadi mkate uingie tanuri zisipite dakika 18, usije ukaanza kuumuka. Aliyewahi kusahau unga wa maandazi kwenye joto la pwani ataelewa hofu hiyo. Kuna mboga chungu, za uchungu wa utumwa. Wengi hutumia mzizi mkali unaotoa machozi. Kuna maji ya chumvi, ambayo ndiyo machozi. Kuna rojorojo tamu la kukumbusha udongo wa matofali waliyofyatua Misri: Wayahudi wa Ulaya hulitengeneza kwa tufaha, njugu, divai na mdalasini, wale wa Iraki kwa asali ya tende. Na pembeni ya sahani kuna mfupa mmoja wa kondoo uliookwa. Tutaurudia.

Halafu kila kitu kinasimama, na mtoto mdogo kuliko wote anauliza: kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote? Bila swali lake sherehe haiendi. Mezani kukikosekana mtoto, mkubwa huuliza. Mtu akiwa peke yake, hujiuliza mwenyewe. Kipande cha matza hufichwa, naye mtoto anajua kwamba mlo hauwezi kumalizwa mpaka kipatikane, kwa hiyo anacho cha kudai. Saa nne za usiku, saa tano, bado yuko macho, anasubiri zawadi yake. Waliotunga utaratibu huu walimjua mtoto. Ukimhubiria dakika 20 atasinzia. Ukimpa swali la kuuliza, kitu kichungu cha kutafuna na kitu cha kutafuta, hatausahau usiku huo hata akizeeka.

Na jibu analopewa lina ufundi wake. Kutoka 13 inamwagiza mzazi amweleze mwanawe kwamba anafanya hivi kwa sababu ya yale Bwana "aliyonifanyia mimi" nilipotoka Misri. Mimi. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika karibu mwaka 200, imelikazia neno hilo: katika kila kizazi mtu anapaswa kujiona kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Mbali na kuambiwa habari ya mababu, mtoto anauonja utumwa ulimini mwake, kisha anakunywa vikombe vinne vya uhuru. (Vyake huwa vya maji ya zabibu.)

Hapo kuna jambo la kawaida kabisa ambalo sote tunalijua. Mwulize mtu namba yake ya siri ya M-Pesa ghafla, atasita. Mpe simu, vidole vinabonyeza vyenyewe. Kuna kumbukumbu ya kichwa na kuna kumbukumbu ya mwili, na ya mwili haichoki upesi. Sabato ya Kiyahudi inaishi katika hiyo ya pili: mishumaa, kikombe cha divai, mikate miwili, chungu kilichowekwa motoni Ijumaa ili kesho mtu asiwashe moto, kisha Jumamosi giza likiingia, kunusa manukato na kuzima mshumaa wa kusokotwa. Mara 52 kwa mwaka. Mtu wa miaka 50 ameshafanya hivyo zaidi ya mara 2,500. Hoja ya kwamba dunia ina Muumba inaweza kumponyoka mtu siku akikutana na mbishi hodari. Harufu ya Ijumaa nyumbani kwa mama haiponyoki.

Haya yote yangebaki maneno matamu kama pasingekuwa na mahali yalipojaribiwa kweli. Palikuwapo, nchini Ureno.

Mwaka 1497 mfalme Manuel wa Kwanza aliwalazimisha Wayahudi wa Ureno kubatizwa. Wengi walikuwa wakimbizi waliofukuzwa Hispania miaka mitano kabla. Masinagogi yalifungwa, vitabu vya Kiebrania vikapigwa marufuku, na tangu 1536 Baraza la Kuhoji Imani la Kanisa likawa linawasaka waliobatizwa mchana na kusali Kiyahudi usiku. Jinsi lilivyowasaka inafundisha. Waraka uliosomwa kanisani kwa Wakristo wote haukuwauliza kama jirani yao anaamini Utatu, nani angejua? Uliwataka watazame: nani amevaa shati safi Jumamosi, nani amewasha taa mpya Ijumaa jioni, nani anapika chakula cha Jumamosi siku moja kabla, nani hagusi nguruwe. Wahoji walielewa imani inaishi wapi. Kuna kichekesho chungu hapo: wanahistoria wanaeleza kwamba baadhi ya familia zilizokuwa zimekwisha kusahau desturi zao zilijifunza upya kutokana na waraka huohuo.

Songa mbele hadi 1917. Samuel Schwarz, mhandisi wa migodi, Myahudi kutoka Poland, anafika Belmonte, mji mdogo wa milimani mashariki mwa Ureno. (Ndiko alikozaliwa Pedro Álvares Cabral, nahodha aliyetia nanga Kilwa na Malindi mwaka 1500, dunia ni ndogo.) Anasikia minong'ono kwamba familia fulani pale ni "Wayahudi". Anawaendea, anajitambulisha. Hawamwamini. Walidhani wamebaki peke yao duniani, na lugha anayodai kuwa ya Wayahudi wote, Kiebrania, hawakuwahi kuisikia. Bibi mmoja mzee anamtaka aseme sala hiyo yake. Schwarz anasoma ile ya Kumbukumbu la Torati 6, "Sikiza, Ee Israeli". Alipofika kwenye neno Adonai, Bwana, bibi akaziba macho kwa mikono. Neno hilo analijua. Ni neno moja tu la Kiebrania lililovuka miaka 400 ya ukimya, na lilivuka kwa sababu lilikuwa ndani ya sala.

Walikuwa wamebakiza nini? Taa ya Ijumaa, imefichwa ndani ya chungu ili mwanga usionekane nje. Mfungo wa Siku ya Upatanisho. Matza ya Pasaka, iliyookwa kwa siri, na Pasaka yenyewe imesogezwa mbele siku moja au mbili ili wapelelezi waliokuwa wakivizia tarehe rasmi wapitwe. Sala za Kireno, mama akimfundisha binti, hakuna kitabu. Na wakiingia kanisani, maana ilibidi waingie, walinong'ona kwamba hawaabudu mti wala jiwe, ila Mungu atawalaye yote.

Walichopoteza ni kikubwa. Tohara ilikuwa ushahidi wa mwilini, ikaachwa. Marabi hawakuwapo, Mishna hawakuijua, sikukuu kadhaa zilisahaulika kabisa. Lakini angalia orodha ya imani zilizopona: Mungu mmoja, kukataa sanamu, kumngoja Masihi. Kila moja ilikuwa na tendo lililoibeba, na karibu matendo yote yalikuwa ya wanawake, jikoni. Mimi hapa ndipo ninapoona jambo ambalo maandiko ya kitaalamu ya dini hulipitia juu juu. Tunapohesabu walinzi wa dini tunawataja wanachuoni wenye ndevu. Belmonte mlinzi alikuwa bibi mwenye utambi wa taa. Jamii ile ilirudi rasmi katika Uyahudi mwaka 1989, sinagogi likafunguliwa 1996, marabi wakaja na Kiebrania chao na kumbe baadhi ya akina mama waliendelea na sala zao za Kireno nyumbani, kwa siri ileile, ingawa hakuna tena wa kujificha. Siri nayo ilikuwa imekuwa kaida.

Karibu na kwetu kuna jaribio fupi zaidi. Mwaka 1919, karibu na Mbale mashariki mwa Uganda, Semei Kakungulu, kamanda wa Kiganda aliyekuwa amewatumikia Waingereza kisha akakorofishana nao, alisoma Biblia akaona amri za Musa zinamtaka atende, akajitahiri yeye na wanawe. Kumbuka: hakuwa amekutana na rabi. Jamii aliyoianzisha inaitwa Abayudaya. Chini ya Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa. Wengi waliondoka, wakabaki mia chache waliosali majumbani kwa siri. Kisha Kampala ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Jioni hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndiyo ilikuwa jioni ya sederi. Abayudaya hawajaacha kulisimulia hilo, na mwenye kula mboga chungu kila mwaka akijiambia "mimi nilitoka Misri" hahitaji mtu wa kumfafanulia maana yake.

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba kaida nyingi ni mzigo, na mzigo hufukuza watu. Ingekuwa hivyo, dini zisizodai chochote ndizo zingedumu zaidi. Mwanaanthropolojia Richard Sosis alilichunguza jambo hili kwa jumuiya za kijamaa za Marekani ya karne ya 19, akakuta zile za kidini zilizodai mengi kwa wafuasi wao, katika chakula, mavazi na mwenendo, zilidumu muda mrefu zaidi. Baadaye yeye na mchumi Bradley Ruffle walikwenda kwenye vijiji vya ushirika vya Israeli, kibutsi, wakawapa watu wawiliwawili wa kijiji kimoja, bila yeyote kujua mwenzake ni nani, bahasha ya pamoja ya shekeli 100: kila mmoja aseme atachukua ngapi, wakizidisha wote wanakosa, wakibakiza kinaongezwa na kugawanywa. Waliojizuia kuliko wote walikuwa wanaume wa vijiji vya kidini, ambao ndio husali pamoja sinagogini mara tatu kwa siku. Ni kama kwenye kikoba: unamwamini zaidi yule ambaye hajakosa mkutano hata siku ya mvua. Maneno yake hujayapima. Miguu yake umeiona.

Mtu atasema, basi kaida ni mashine: ingiza mtoto, utoe mwamini. Hapana. Kituo cha utafiti cha Pew kiliwahoji Wayahudi wa Marekani mwaka 2020. Takriban 6 kati ya 10 walikuwa wameshiriki sederi mwaka uliotangulia. Waliosema wanamwamini Mungu kama anavyoelezwa katika Biblia walikuwa kama robo tu. Kwa hiyo wako wengi wanaokula matza bila kuamini kwamba bahari iligawanyika. Wapo wanaoliona hilo kuwa unafiki. Mimi naliona kama shamba lililolazwa: halijalimwa, lakini mipaka yake inajulikana, na mjukuu akitaka kulima anajua aanzie wapi. Lakini sitaki kulipamba. Shamba likilazwa muda mrefu mno huwa pori.

Wala tusidhani kaida hazibadiliki. Wayahudi wa Ethiopia walishika Torati kwa lugha ya Geez, wakiongozwa na makuhani wao, bila Mishna wala Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, na wana sikukuu yao ya Sigdi, siku 50 baada ya Siku ya Upatanisho, ambayo Wayahudi wengine hawakuwa nayo. Israeli iliitambua kuwa sikukuu ya taifa mwaka 2008. Wayahudi wa Ujerumani wa karne ya 19 walipunguza Kiebrania, wakaleta kinanda sinagogini, wakazua ugomvi ambao haujaisha.

Kuna kaida moja ambayo kwangu inaonyesha mzunguko mzima. Myahudi akifiwa na mzazi, husoma sala ya kadishi kila siku kwa miezi 11. Sala yenyewe haimtaji marehemu wala kifo. Ni kumtukuza Mungu tu, kwa Kiaramu. Lakini haisomwi peke yako. Lazima watu wazima kumi wakusanyike, wanaume tu kwa Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukali. Kwa hiyo mfiwa, aliyekasirika na Mungu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake, analazimika kuamka alfajiri kwenda kwa watu tisa wanaomngoja ili amsifu Mungu huyohuyo. Hakuna anayemuuliza kama anaamini leo. Wanamuuliza kama amefika. Sisi tuna arobaini. Wao wameirefusha ikakaribia mwaka.

Nilimweleza fundi haya kwa mafungu, siku mbili tatu, huku suruali yangu ikiendelea kutokwisha. Mwishoni akarudi kwenye kondoo. "Ule mfupa wa kwenye sahani. Wanauguguna?"

Nikamwambia hawaugusi. Mwenye nyumba anapoieleza matza, huiinua juu wote waione. Anapoieleza mboga chungu, huiinua. Akifika kwenye mfupa, kwa desturi ya wengi, hauinui, watu wasije wakadhani ametoa sadaka nje ya Hekalu. Anautazama tu, anasema hiki ndicho kilicholiwa na baba zetu Hekalu liliposimama, na mlo unaendelea.